Musalaba wa Ine

Sezari, rafiki yangu,

Weye uko chini na mimi niko juu yako kidogo, na hii ni mara ya kwanza kwa maisha yetu nakushinda urefu. Habari ya huko? Usijibu. Nauliza kwa adabu tu.

Unajua masomo yangu, niliacha shule mbele shule iniache, kwa hiyo ukikuta makosa uyapitie tu. Iko habari moja yenye siwezi kumupelekea mutu mwingine. Bobini ya mwisho, ule mukanda wa mwisho wa filme, imefika.

Ndiyo, ile yenyewe. Ya filme yetu ya koboi wane, yenye ilikuwa inakatika kila mara pale pale: Kimya na Mucheko wamebaki wawili nyuma ya ukuta wa kanisa, na shefu-bandi, mukubwa wa wezi, anakuja polepole na farasi yake nyeupe. Hapo ile shuka ya kuonyeshea filme inabaki nyeupe, siye tunapiga kelele, na mwenye mashini anatuambia bobini ya mwisho ilibaki Ariwara, tuvumilie, sitwayeni wenzangu, itafika. Imefika, Sezari. Koti zetu za abakosti za wakati ule zimeshaliwa na mende, lakini imefika.

Hata sasa nikipita mbele ya ile sale ya sinema ya Nyakasanza nasikia harufu yake. Siku ya Mungu kiisha misa, mablanketi yamepigiliwa kwa madirisha, inje jua kali, ndani giza kama tumbo la mbuzi. Ile filme ilikuwa inasema Kifaransa ya mbio, na weye ulisimama kando ya shuka na kutuelezea. Kimya hakufungua kinywa toka mwanzo, ndiyo sababu tulimuita vile. Lakini kwa mudomo yako alitoa hotuba ndefu kuliko ya komisere wa serikali siku ya salongo, ile kazi ya lazima. Siku moja ulimufanya aulize bei ya mihogo. Na watu walikuitika, kwa sababu kwetu yenye muelezaji anasema ndiyo inatokea. Ile ingine ni picha tu.

Nimefikiri sana sababu gani tuliipenda vile. Tuliona filme zingine, za koboi mumoja, anakuja peke yake, anapiga watu, anaenda. Nzuri, lakini tunatoka tunasahau. Hii ilikuwa na watu wane wenye hawakuzaliwa pamoja, hawana luga moja ya mama, kila mumoja na kazi yake moja tu yenye anajua, na wanaenda kulinda kijiji yenye si yao juu ya sahani ya maharagi. Wanakula sahani moja. Siye tuliangaliana mule gizani: Anselmi wa Djugu, Filipo wa Mahagi, weye mutu wa ziwa, na mimi wa hapa Bunia, mutaa wa Bigo, mwenye hata baba yangu hakujua vizuri alitoka wapi. Toka siku ile tulianza kula pamoja.

Na tulianza kugombana. Kila mutoto wa Bunia anajua sheria ya filme: akteri, shujaa mwenyewe, ni mumoja, na akteri hafi. Wengine wote ni rafiki-ya-akteri, na kazi ya rafiki-ya-akteri ni kufa ili akteri akasirike. Sasa ukipewa koboi wane wazuri, akteri ni nani? Tuligawana. Anselmi akachukua Padri, yule wa kitabu. Filipo akachukua Kofia. Weye na mudomo yako ukachukua Kimya, haya hukuwa nayo. Mimi walinipa Mucheko bila kuniuliza.

Tulicheka sana. Kiisha kicheko kikatukauka.

Kwa filme, Padri alikufa wa kwanza, ndani ya maji, kitabu kikaelea. Anselmi alienda kununua samaki Kasenyi, na ziwa likamukamata. Tulisema ni bahati mbaya. Kofia alikufa wa pili, alianguka toka juu ya nyumba na kofia ikabaki kule juu. Filipo alikuwa anapigilia mabati ya mutu, muguu ukateleza. Weye ndiye ulipanda kumuchukulia kofia yake. Uliposhuka ulinitazama, na kwa mara ya kwanza hukuelezea kitu.

Toka pale tulibaki wawili nyuma ya ukuta. Ulikuwa unanisalimia asubui: "Habari, rafiki-ya-akteri?" Nami ninakurudishia vile vile. Mutu akitusikia atafikiri wazee wanatoka akili. Lakini kila mumoja alikuwa anauliza kweli.

Weye ulijibu wa kwanza. Shemeji yangu, bibi yako Bernadeta, alikukuta kwa kiti yako mbele ya nyumba, mugongo kwa ukuta, kofia kwa magoti, chai ingali moto. Hakuna jeraha, hakuna homa. Nililia, usifikiri sikulia. Lakini nitakuambia ukweli kwa sababu huwezi kunipiga: kati ya machozi, kitu kidogo ndani yangu kilisema, kumbe akteri ni mimi.

Basi akteri akapata ngiri.

Ile uvimbe ya tumbo yenye ulikuwa unaichekelea imekua. Dokta aliishika akanuna, akasema nipasuliwe mbio, kama sivyo itajinyonga na mimi nitakufa kwa maumivu ya mubaya. Nilimuambia nitafikiri. Nilikaa na kufikiri mpaka nikakonda. Akteri hafi, lakini nani aliniapia mimi ni akteri? Weye ulikufa wa tatu, sawa. Filme hatukuona mwisho. Nilimuambia Shemeji siendi kupasuliwa mbele bobini haijafika. Alikuwa anatwanga majani ya sombe, hakuinua hata kichwa. "Ngiri haijui sinema, Shemeji," akasema.

Na bobini ikafika, juma ile ile. Unaona? Miaka yote hii, kiisha juma ile.

Nilienda siku ya Mungu. Sale ilijaa, wazee wengi na watoto wao, mablanketi kwa madirisha kama zamani. Nilikaa karibu na shuka, kando ya pahali pako. Pahali pako hakuna mutu alisimama, na hakuna mwenye aliwakataza.

Taa ikazimwa. Shefu-bandi akafika na farasi nyeupe. Kimya akatoka nyuma ya ukuta, akapiga, akarudi akakaa chini, mugongo kwa ukuta. Akavua kofia akaiweka kwa magoti. Na akabaki vile. Hatukuona risasi wala damu. Sezari, damu yangu mimi ndiyo ilisimama. Sale nzima walikuona. Na ile kunyamaza kwa Kimya ilikuwa ya kweli, kwa mara ya kwanza, juu muelezaji hayuko.

Mutu mumoja nyuma akaita, "Muzee Mucheko, tuelezee basi." Wengine wakaitika. Nikasimama, nikaenda kwa pahali pako. Pale kulikuwa baridi. Inje jua, watu wanatoka jasho, na pale kulikuwa baridi kama asubui ya mulima.

Mucheko akatoka anacheka. Shefu-bandi akamupiga ya tumbo.

Ya tumbo, Sezari.

Akaanguka nyuma ya mulango. Wanamuke wa kijiji wakatoka na majembe na mawe, wakamumaliza shefu-bandi. Kiisha ikatokea kilima, na misalaba: mumoja, mubili, mutatu, mune. Siye wote wane tulikuwa rafiki-ya-akteri. Akteri ni wale wamama wa majembe, na hakuna mutu katika Bunia aliwahi kuwahesabu.

Sale ikauliza: musalaba wa ine ni wa nani? Na mimi nikafungua kinywa, na ikatoka sauti yako. Si kama yako. Yako. Nikasema risasi ilipiga chuma ya mukaba, Mucheko alizimia tu, sasa iko anakula maharagi ndani ya nyumba kwa wale wamama. Musalaba wa ine ni wa shefu-bandi, nikasema, watu wa kule ni wakristo, wanazika hata adui yao. Wakapiga makofi mpaka mablanketi yakaanguka.

Na katika makofi yale, kwa bega yangu ya kuume, mutu alikohoa. Kale kakohozi kako ka kifupi, kenye ulikuwa unatoa nikidanganya bibi yangu. Niligeuka. Shuka tu.

Sasa uone shida umenitia. Nyakasanza yote inajua akteri ni mimi. Sokoni wananipigia saluti. Mama wa samaki amenizidishia fungu moja. Namna gani akteri ataogopa kisu ya dokta? Nikikataa, watarudi kuhesabu misalaba. Kwa hiyo nimekubali. Ni kesho asubui. Shemeji ameshafunga shuka na sahani ndani ya kitambaa, na amekataa kabisa nibebe redio.

Naogopa, rafiki. Kwako naweza kusema. Muelezaji amesema naishi, lakini macho yangu yaliona ya tumbo.

Watanipiga sindano ya usingizi. Dokta anasema nitaenda mbali kidogo, kiisha nitarudi. Kama kule mbali ndiyo kwenu, nakuomba tusijuane. Ukiniona napita, angalia upande mwingine. Usikohoe. Zaidi ya yote usiniite, juu najijua, sauti yako nitaigeukia. Anselmi na Filipo uwaambie vile vile. Nami nakuahidi nitapita bila salamu, macho chini, kama mutu mwenye hakuwahi kula na ninyi. Itaniuma. Lakini nitapita.

Utanijua kwa miguu. Kesho wananivua viatu mulangoni, nitakuwa pekupeku. Huyo umuache arudi. Siku utaniona nakuja nimevaa viatu vyeusi, vimepakwa rangi, Shemeji amefunga kamba mwenyewe, ndiyo uniite kwa nguvu.

Ulale, Sezari. Ulale sana kesho asubui.

Ni mimi,
Mucheko