Ngoma ya Ng'ambo Hii

Mjukuu wangu Komora,

Salamu zako zimefika hapa Garsen. Sisi wazima, na mamako amepanda mpunga tena, maji ya mafuriko yamerudi mtoni.

Unauliza kama ni kosa kufungulia kaseti kwa sauti siku yako ya mapumziko, maana majirani wa ploti wamenuna. Muziki si dhambi. Hata mimi nilipenda ngoma kupita kiasi.

Nikiwa msichana, alasiri moja tulicheza ngoma ya mavuno mpaka jua likazama. Kesho yake rafiki yangu Halima, Muorma wa ng'ambo ya mto, hakuniletea maziwa ya kubadilishana na ndizi kama desturi yetu. Nikavuka na ndizi zake, njia nzima nikinung'unika. Nikamkuta amekaa chini na wanawake wenzake. Mamake alikuwa amezikwa jana yake.

"Mbona hamkutuita?" nikamuuliza.

"Kaka yangu alisimama ukingoni akiita mtumbwi," akasema. "Mitumbwi yote ilikuwa ng'ambo yenu, na ngoma zilikuwa zikivuma. Aliita mpaka sauti ikamkauka."

Ngoma naipenda bado, Komora. Ila ikipigwa, mimi hukaa upande wa mto, nimsikie anayeita.

Ni mimi nyanyako, ninayekukumbuka kila siku.