Moshi Juu ya Mabati ya Nyalenda

Atieno rafiki yangu,

Ule ubishi wetu umeushinda. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeniuliza hilo kabla hujaniuliza hali. Nimeweka jiko la bomba kwenye kibanda chetu cha samaki hapa Nyalenda, lile lile ulilolikataa miaka yote. Na lilipoanza kufanya kazi vizuri kabisa, wateja wakapotea.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Tulipokuzika kwenu Kano, nilienda kwetu Katito nikidhani sitarudi mjini tena. Karai letu lina vishikio viwili, na siku zote tulilibeba wawili. Kila nikifikiria kulishika peke yangu, najiuliza nianzie upande gani. Lakini tumbo halina likizo, nikarudi.

Siku ile ile mzee wa ploti, mwenye nyumba wetu, akaja pamoja na mshonaji wa chumba cha pili. Mshonaji alibeba gauni la harusi la mtu, jeupe, linanuka moshi na samaki. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Pole kwa msiba, mama. Lakini hii moshi iende, ama wewe uende." Nilitaka kumjibu vile ungemjibu wewe, nikasema tu nitaita fundi. Kibanda hiki tulikianzisha kwa mikono yetu. Nikakitazama kile kigoda chako, nikaapa kibanda sikifungi.

Fundi nilimtoa soko la Kibuye, mtu wa maneno mengi. Aliponing'olea mafiga yetu matatu nililia, sikufichi. Nimeyapanga nje chini ya benchi la wateja. Akajenga jiko la matofali na udongo, mdomo wa kuni mbele, tundu la karai juu, na nyuma bomba la moshi linalopanda mpaka nje. Kwenye mabati alikata tundu pana kuliko bomba, mbali na mbao za paa. "Bomba ikigusa mbao, mama, siku moja utachoma ploti mzima," aliniambia. Pembeni akazungushia kola ya bati ili mvua isipate njia.

Tukawasha. Asubuhi yote mambo yalikuwa mazuri. Mchana upepo wa ziwa ulipoanza, moshi wote ukarudi ndani, mimi na fundi tukatoka mbio tunakohoa, mshonaji akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe bomba lilikuwa fupi, limejificha nyuma ya paa la jirani. Fundi akaliunga kipande kingine likapita mapaa yote, kisha akalivika kofia. Upepo ukavuma utakavyo, na ndani nikapumua. Nilipumua, Atieno! Nilikaa kwenye kigoda chako nikakumbuka ulivyokuwa unafuta macho kwa ncha ya leso, ukibisha kwamba si moshi, ni vitunguu. Daktari hakutuambia kifua chako kiliharibiwa na nini, nami sitajifanya daktari. Natamani tu ungekaa hapo hata asubuhi moja.

Sasa sikia. Kesho yake nilikaanga ngege, samaki wazuri wa ziwani, nikangoja. Hakuna mtu. Wale vijana wa boda boda waliokuwa wanagombania vichwa vya samaki walipita, wakautazama mlango, wakatikisa kichwa, wakaenda. Ochieng, yule mrefu uliyekuwa unamwongezea ugali, alinipungia mkono kutoka mbali akasema "pole sana" na kuondoka. Samaki wakapoa. Nikaanza kuamini kwamba walikuwa wanakuja kwa ajili yako tu, na kwamba mahali pangu ni shambani Katito.

Jioni nikamfuata Ochieng kwenye steji ya boda boda, nikamuuliza nimewakosea nini. Akashangaa. "Aa, mama, kwani mmefungua? Sisi tunaangaliaga moshi kwa mlango. Hakuna moshi, tukajua hii biashara imeenda na Atieno."

Nilicheka pale barabarani mpaka kicheko kikageuka kilio. Nilikusikia kabisa: "Nyar Katito, moshi ndio unaita watu. Ukiuficha, nani atajua tuko?" Siku zote uliniita hivyo, binti wa Katito, kana kwamba sina jina, nami nikakuita mshamba kwa hayo maneno yako ya moshi. Kuni zangu zilikuwa kavu, moto safi, na huko juu kulikuwa na kamoshi kasikoonekana hata na kunguru.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuweka karai, nilisukuma tawi bichi la mwarobaini ndani ya moto, nikatoka nje kutazama. Moshi ulichelewa kidogo, halafu ukatoka kwenye kofia, mweupe, mzito, ukapanda juu ya mabati yote ya Nyalenda. Mshonaji alitoa kichwa dirishani, akanusa, akarudi kwenye cherehani. Ikaja pikipiki moja. Zikaja tatu, Ochieng mbele, anapiga honi kama anayeleta bibi harusi. Mzee wa ploti alipopita alitazama juu, akachungulia ndani, akaitisha samaki na ugali. Habari ya kuhama hajaitaja tena.

Karai bado linanishinda. Kuna asubuhi nashika upande wangu nasimama tu, nangoja upande wako uinuke. Halafu nakumbuka, nalisukuma polepole mpaka linafika. Linafika, rafiki yangu.

Basi pumzika. Mimi nakuahidi hivi: kila asubuhi nikiwasha, tawi bichi la kwanza ni lako, wateja wafuate. Huko Kano ni tambarare, hakuna kilima cha kukuziba macho. Ukiona moshi mweupe upande wa ziwa, usiulize maswali yako. Ujue tumefungua.

Nyar Katito wako