Mfuko wa Damu ya Kitovu

S.L.P. 61,
Sosiot.
9 Juni 2025.

Mpendwa kaka Kimutai,

Chamgei! Hali yako huko Chennai? Lile joto limepungua, au bado unalala sakafuni? Sisi twashukuru. Mvua imenyesha, majani ya chai yamechipuka kuliko mikono ya kuyachuma.

Mpwa wako Kipkirui anakusalimu. Wiki jana aliongezewa damu tena, akapata nguvu za siku nne tu. Sasa analala mchana kutwa, na ufizi unatoka damu hata akila ndizi. Naogopa, kaka. Siwezi kukuficha.

Ule mfuko uliotuma wa kukingia damu ya kitovu nitakapojifungua ulifika. Nyumbani niliwaeleza kama ulivyonieleza: kwamba damu hiyo ni kidogo, lakini ina seli shina, ndizo mbegu za damu, nanyi huko hospitalini kwenu mtazikuza maabarani mpaka zimtoshe Kipkirui, zikipatana na mwili wake. Gogo, mama mkwe wangu, alinisikiliza kuliko wote.

Hapo ndipo balaa ilipoanzia. Jumatano nikiwa kliniki, Gogo aliufungua. Alikata mrija, akamwaga maji yaliyokuwa ndani, akauosha kwa maji moto na sabuni, kisha akauanika juani pamoja na mitungi ya maziwa. Unamjua: kwake chombo ambacho hakijaona jua ni kichafu. Aliponiona akafurahi. "Chelangat, hiyo kitu ilikuwa na maji inanuka dawa. Nimeosha vizuri. Damu ya mtoto itakaa safi."

Muuguzi anasema mfuko umeharibika kabisa. Maji hayo ndiyo huzuia damu kuganda. Huku hatujapata mwingine. Tafadhali tuma mwingine leo, si kesho. Daktari alihesabu wiki tatu, lakini tangu jana mgongo unanivuta. Mtoto akiutangulia mfuko, damu itamwagwa, na sijui Kipkirui atasubiri nini.

Gogo sijamwambia. Mfuko ameufunga kwenye leso yake ya kanisani, haruhusu mtu kuugusa. Kila asubuhi ananiuliza kwa hamu kama uchungu umeanza. Namjibu bado, nikiomba iwe kweli.

Shemeji yako Nicholas anakusalimu. Msalimie wifi Edinah na watoto. Mungu aishike mikono yako kazini.

Dada yako akupendaye,
Chelangat.