Mashine Iliyoazimwa kwa Ajili ya Wageni

Ha Mosuoe,
Jumatano asubuhi.

Kwako Kaka Motlatsi,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini wewe, Wifi Nthatisi na watoto hamjambo huko Maseru, na kile kikohozi cha Limpho kimemwachia. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Theluji imeyeyuka, mipichi imechanua, na nywele tulizonyoa kwa msiba zimeanza kuota. Mama anaamka, anakula kidogo, anakaa juani na blanketi lake. Ukimuuliza anaendeleaje, anasema yupo.

Salamu zako za juzi zilifika, kwamba wodi mpya pale Ha Lekoko, kituo cha mfano cha mradi wenu, itapewa jina la Baba. Ulisema Mama alilia kwa furaha kwenye simu. Kaka, haikuwa furaha. Alinirudishia simu akashuka peke yake kile kilima tunachopanda kutafuta mtandao, wala hakunisubiri.

Nimekaa kimya tangu mazishi kwa sababu niliambiwa ninyamaze, na unanijua mimi kunyamaza kunanitoa jasho. Ile siku, mbele ya kaburi, ulimsimamisha Nesi Puleng katikati ya watu ukamuuliza mashine ya oksijeni ilikuwa wapi wakati Baba anakata roho. Ukasema zahanati yenye mashine haiwezi kumwacha mzee afe kwa kukosa pumzi, labda nesi awe amelala. Yeye akatazama chini. Watu wakaguna. Sasa akina mama wanampita njiani bila kumsalimia, na wilaya imemwandikia, kwa malalamiko yako, kwamba mwisho wa mwezi huu hana kazi. Uliuliza swali zuri sana. Leo ninakujibu.

Baba hakukwambia ukweli kuhusu kifua chake. Lile vumbi la migodi ya dhahabu, tulilodhani limelala, liliamka mwezi wa sita na baridi yake. Nesi Puleng akamlaza na kumweka kwenye mashine, ile tuliyopewa na masista wa misheni kabla hatujasikia hata jina la mradi wenu. Nikipanda kilimani kukupigia, Baba ananionya nikwambie yuko zahanati anapumzika tu, uji wa pale mtamu. Aliyekuja kumjulia hali hakuachwa aondoke bila kuambiwa kwamba mwanawe ndiye anayewaleta wafadhili nchini. Hata mgonjwa wa kitanda cha pili, kiziwi, aliambiwa.

Na mimi niliujua mradi wenu. Si ulinialika semina, kwa vile ni mhudumu wa afya wa kijiji? Tulilala hotelini, tukala kuku mchana na usiku, tukafundishwa nguzo za mfumo imara wa afya. Nilirudi na kofia, begi na kalenda. Hizo nguzo nazijua kwa kichwa, Kaka. Dawa ya maumivu sijaiona kwenye kabati letu tangu Pasaka.

Basi akaja Ntate Pheko, dereva wenu, na barua ya ofisi yako. Kila zahanati jirani iiazimishe Ha Lekoko vifaa vyake kwa siku moja, maana wafadhili wanakuja kuona fedha zao zimefanya nini, na rafu za Ha Lekoko zilikuwa nyeupe, hazina kitu. Garini tayari kulikuwa na kitanda cha kuzalishia cha kwa jirani zetu, na jokofu la chanjo la wengine. Hakuna aliyeshangaa. Unatujua. Wakwe wakija kuzungumza mahari, vikombe tunaazima huku, viti kule, hata mkeka, ili mgeni asiione nyumba ikiwa uchi. Ndivyo tulivyolelewa, na ofisi yako nayo ilikuwa inaandaa sebule.

Nesi Puleng alikataa. Alimwambia Ntate Pheko waziwazi kwamba mashine ina mtu. Ntate Pheko akakuna kichwa, akasema basi, atarudi mikono mitupu. Ni Baba aliyeuchomoa mpira puani mwake mwenyewe. Akauliza kama tunataka mwanawe aonekane mwongo mbele ya wageni. Akasema amekaa chini ya ardhi ujana wake wote bila mashine, siku moja itamfanya nini. Mimi nikabisha, akanigeukia: "Wewe Keneuoe, tangu lini unamfunga baba yako kama mbuzi?" Kisha akamtania Ntate Pheko asiitikisetikise njiani, maana ikirudi imeharibika ataijua kwa sauti. Akamwapisha nesi, akaniapisha na mimi, kwamba wewe usijue kamwe.

Mashine ilikuwa irudi jioni ileile. Mchana theluji ikaanza, na hadi jioni njia ya mlimani ilikuwa imefungwa. Tulimwegemeza kwa mito. Tulichemsha maji, tulifungua madirisha, tulimsugua mgongo, Nesi Puleng hakuketi hata mara moja. Kesho yake midomo ya Baba ilikuwa imebadilika rangi. Akaniuliza, neno mojamoja, kama wageni walifurahi. Nikamwambia walifurahi sana. Alifariki kabla ya chakula cha mchana.

Ile picha yako iliyotoka gazetini, umeweka mkono juu ya mashine na unacheka na wale wageni, hiyo ndiyo mashine ya Baba, Kaka. Ukiwa unacheka pale, huku baba yako alikuwa anatafuta pumzi. Barabara ilipofunguka tukarudishiwa ikiwa na stika ya bendera yao na maneno kwamba ni zawadi ya mradi. Nimejaribu kuibandua kwa kisu, haitoki.

Sikuombi ulie. Nina hasira na wewe, na hasira hiyo sijui nitaiweka wapi. Ninachotaka ni mambo mawili. Andika wilayani leo hii kwamba Nesi Puleng hana kosa, na useme kwa nini. Na jina la Baba usiliandike kwenye ukuta ule.

Ningekwambia haya ana kwa ana, ila asubuhi hii Ntate Pheko amekuja tena. Barua ni ileile, tarehe tu ndiyo imebadilika, na sahihi ni yako. Wageni wanarudi Ijumaa kufungua wodi. Kwenye mashine sasa yumo mtoto wa 'Malineo, yule wa mtoni. Hajafikisha hata miezi mitatu, ana nimonia. Ntate Pheko alisimama mlangoni na kofia mkononi, akashindwa kusema lililomleta, ikabidi nesi asome barua kwa sauti. 'Malineo aliposikia kuna wageni, hakuuliza lolote. Ni mtu mwenye adabu zake, unaijua familia yao. Aliinama akaanza kuibandua ile plasta inayoshikilia mpira shavuni mwa mtoto, taratibu, asimwamshe, huku akimwomba Ntate Pheko radhi kwa kumchelewesha.

Nimemshika mkono. Plasta nimeirudisha mwenyewe.

Ntate Pheko anakunywa chai hapa nje, akimaliza atakuletea barua hii badala ya mashine. Usimfokee, amelia kuliko sisi. Wageni waonyeshe rafu zilivyo.

Wasalimie Wifi na watoto, mwambie Limpho shangazi yake anamkumbuka. Majirani wote wanakusalimu. Mama nimemsomea barua hii. Yeye hakusalimii, amesema atakusalimia ukija mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Keneuoe