Mpaka Ishirini na Nane Novemba

Jumatatu, 6 Januari

Nimepata kazi! Kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, mji ule ule aliko Baba Watoto. Naanza mwezi ujao. Chumba alichopanga ni kimoja, na mwenye nyumba hataki watoto. Basi Mkubwa na Kitinda watakaa kwa wakwe zangu mpaka shule zifungwe Novemba, huku sisi tukitafuta nyumba. Bibi yao kapiga vigelegele. Mimi nimeingia bafuni nikalia. Kidogo tu.

Alhamisi, 9 Januari

Pumu imembana Mkubwa. Alikuwa kwa Bibi, mimi nimeenda kupimwa afya ya kazi. Kwenye kituo cha afya walimpa dawa ya kuvuta, akatulia, ila daktari akataka alazwe. Nesi akauliza: mzazi yuko wapi, aweke sahihi? Bibi kaona aibu kusema hana ruhusa — akajibu, mama ni mimi, nimemzaa mwenyewe! Na miaka yake sitini na nne! Nesi akamwambia hongera, bibi, nikuandikie na kliniki ya wajawazito?

Tumecheka sana, hata Mkubwa kitandani. Mimi nimecheka kwa meno. Nikiwa mbali, nani atatia sahihi?

Ijumaa, 10 Januari

Nimekwenda kituo cha msaada wa sheria, nyuma ya soko. Wakili ni mama mmoja mpole, ananiita mdogo wangu. Kasema kuna karatasi ya idhini. Mimi na Baba Watoto tunaisaini mbele ya wakili, Bibi anaruhusiwa mambo ya shule na hospitali, na mwisho wake unaandikwa. Wazazi tunabaki wazazi. Nikitaka kuifuta, naifuta.

Nikauliza mara tatu, maana darasa la saba langu nalijua. Hakuchoka.

Jumapili, 12 Januari

Kumbe Bibi ana lake! Tumemaliza kula, akasema idhini ni kikaratasi tu, yeye anataka amri ya ulezi ya mahakama. Wajukuu wakiwa chini ya ulezi wa Babu wanaingia kwenye bima yake ya ustaafu. Dawa za Mkubwa zote, bure.

Hapo kanipata. Pumu ya mwanangu naijua usiku na mchana.

Baadaye nikampigia wakili. Kasema bima ni kweli. Lakini amri ya mahakama huifuti wewe, anaifuta hakimu. Siku Bibi akisema watoto hawaondoki, hawaondoki mpaka kesi iishe. Kuingia ni mlango, mdogo wangu, kutoka ni tundu la sindano.

Bibi si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningewaachaje? Ila anawapenda kupita kiasi, na mapenzi hayo ndiyo yananitisha.

Jumatatu, 13 Januari

Baba Watoto kwenye simu: mfuate mama, si mtu wa nje. Nikamwambia mama yako namheshimu, lakini hawa nimewazaa mimi, siwatoi kwa hakimu kwa sababu ya bima. Hotelini wafanyakazi wana bima yao baada ya miezi mitatu, nimeuliza. Hiyo miezi mitatu tutajibana.

Akasema: Mama Watoto, siku hizi umekuwa simba. Kesho naenda kwa wakili wa huku nisaini hiyo idhini, nikutumie kwa basi.

Simba! Nimekata simu nikarudi kufua soksi za Kitinda.

Alhamisi, 16 Januari

Niko kwenye benchi la wakili, naandikia gotini. Mambo hayajaisha.

Sahihi ya Baba Watoto imefika. Nami nimesaini, kwa herufi zangu kubwa kubwa. Babu akasaini kama shahidi. Wakili akasoma kwa sauti: idhini hii inakoma tarehe ishirini na nane Novemba.

Bibi kaweka kalamu chini. Kwa nini ikome? Kwani mimi nakoma?

Nikapiga goti pale sakafuni. Nikasema mama, nakuachia roho yangu, mbili kwa pamoja. Ila tarehe sifuti.

Hakuniangalia. Kasema tutoke nje kwanza, anataka kuongea na wakili peke yake. Babu ameketi karibu yangu, ananiambia vumilia mwanangu, chuma hicho nimekaa nacho miaka arobaini.

Mlango hawakuufunga vizuri. Namsikia Bibi. Anauliza hiyo ishirini na nane inaangukia siku gani — na kama ni katikati ya wiki, haiwezi kusogezwa mpaka Jumapili, apate kuwavalisha vizuri kwa safari.

Wakili anafunua kalenda.