Sukari Niliyoifunga Kwenye Pindo la Kitenge

Jumanne. Mvua ya kupandia inanyesha tangu alfajiri, na kijiji chetu chote cha Maposeni kiko kimya.

Usimwambie mtu: uji wangu wa lishe ulikuwa na sukari.

Hata mama hajui. Jumanne iliyopita, siku ya kupima watoto kwenye ofisi ya kijiji, Dada Gaudensia, mhudumu wetu wa afya, alinikabidhi sufuria. Namsaidia tangu nimalize kidato cha nne, maana rafiki zangu wote wameondoka na siku za hapa nyumbani ni ndefu. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha akina mama kwamba ulezi, soya na karanga za mashamba yetu wenyewe vinatosha kumpa mtoto afya. Hakuna cha kununua dukani. Hata sukari.

"Soya? Si ya kuku hiyo?" mmoja aliuliza.

Mwingine akadakia, "Na hako kabinti kanafundisha au kanasali? Mbona hatusikii?"

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Lakini akilini niliwaona tayari wakionja, wakikunja uso na kuondoka. Kwenye pindo la kitenge nilikuwa na sukari ya nyumbani. Niliifunga asubuhi, kabla hata sijachekwa. Dada Gaudensia alipogeuka kuandika uzito wa watoto, niliimimina yote.

Onesmo alimaliza kikombe.

Onesmo ana mwaka na nusu. Utepe wa kupimia aliozungushiwa mkononi siku ile uliishia kwenye njano, rangi ya mtoto aliyeanza kudhoofu. Mama yake alikuwa amesema hali kitu. Alipoona kikombe kitupu alinishika bega mbele ya wote. "Wewe binti, umemroga mwanangu?" Wanawake wakacheka tena, safari hii pamoja nami. Wiki nzima watu wamenisalimia njiani kwa jina langu. Sikujua kama wanalijua.

Leo Mama Onesmo amekuja na mvua hii, mtoto mgongoni, wamejifunika mfuko wa mbolea. Hata shikamoo yangu aliiitikia kwa unyonge. Unga wa lishe niliomgawia siku ile ameupika siku zote hizi. Onesmo anautema.

"Mkono wangu ndio mbaya," alisema. "Wa kwako mtamu. Njoo unipikie asubuhi, mwanangu, hata wiki moja tu. Tutapiga na stori."

Nilikubali haraka mno.

Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilijiona jikoni kwake kila asubuhi, kuna mtu ananingoja, kuna mtu ananiongelesha. Ningefunga tu sukari kidogo kwenye pindo. Nani angejua?

Alipogeuka kuondoka niliuona mguu wa Onesmo ukining'inia nje ya mbeleko. Uzi wa shanga aliofungwa kifundoni umelegea, unacheza.

Mama mwenye mtoto anayekonda amekaa wiki nzima akiulaumu mkono wake kwa sababu yangu. Na siku nikiacha kwenda, Onesmo atakula nini?

Kesho nitakwenda mapema, pindo likiwa tupu. Nitamwambia kabla hatujawasha moto. Nitabeba ndizi mbivu mbili za nyuma ya nyumba yetu tuziponde ndani ya uji, tuone. Migomba hata yeye anayo. Huenda Onesmo atautema tena. Huenda mama yake hatanishika bega tena, na njiani nitarudi kuwa binti fulani tu.

Naogopa hilo la mwisho kuliko ninavyopaswa.

Lile ombi la pale juu nalifuta. Mwambie unayetaka.

Ila subiri kwanza kuche, Mama Onesmo asikie kutoka kwangu.