Mdumange wa Brazili

Jumanne.

Uongo wangu umenifika shingoni. Nilipofundisha mdumange, ngoma ya asili ya kwetu, kwa jina lake hapa Mabawa, walikuja watu wawili. Nikabandika mlangoni "Densi ya Waafrika wa Brazili", ukumbi ukafurika.

Hatua za Brazili nilizojifunza kwenye kozi ziliisha wiki jana. Leo nikachomeka mdumange. Bi Zaina, aliyemleta mjukuu wake, akainuka kitini.

"Mwalimu, mbona huu ni mdumange wetu?"

"Wazee wetu walivuka nao bahari, Bi Zaina," nikajibu bila haya.

Akaingia katikati, akacheza hadi watu wakapiga vigelegele.

"Mwambie huyo Mbrazili aliyekufundisha, mguu wa kushoto ndio unaoanza."

Huyo Mbrazili ni marehemu bibi yangu wa Muheza, na mguu nimeukosea mimi.